Jibu la Mtu wa Mbele

Mkuu wangu wa kazi pale Makambako alikuwa na vyeti kumi na kimoja ukutani, vyote kwenye fremu za dhahabu bandia, na kimoja kati ya hivyo kilikuwa cha kuhudhuria semina ya kuzima moto. Nakitaja hicho kwa sababu ndicho pekee nilichoamini kuwa alikipata kwa haki. Ofisi yetu ilikuwa ghorofani, juu ya duka la mabati na misumari, mahali ambapo malori ya mbao yakipunguza mwendo vioo vya madirisha vilikuwa vinatetemeka. Kwenye kadi zake za biashara aliandika kwamba ana timu ya wataalamu. Hiyo timu nilikuwa mimi.

Mimi ni mtoto wa Mdandu. Nilisoma chuo, nikajifunza kuandika programu, nikarudi nyumbani kwa sababu mama alikuwa anaumwa, na kazi niliyoipata karibu ilikuwa hiyo. Aliniita "binti." Miaka miwili na nusu sikuwahi kumsikia akitumia jina langu, na sidhani kama alilijua.

Kazi ya maziwa ilikuja wakati wa baridi. Kulikuwa na ushirika wa wafugaji, mwendo mfupi kutoka Njombe mjini, jirani na misheni, ambako watu walipeleka maziwa kila asubuhi. Kwa miaka mingi karani wao aliyapima kwa kijiti cha kioo kinachoelea ndani ya maziwa, akikitazama kwa jicho moja huku akigombana na kila mtu. Sasa walikuwa wamepata mashine. Unaweka maziwa kidogo kwenye kikombe, mashine inayanyonya, inanguruma kama nusu dakika, kisha inasema yana mafuta kiasi gani na kama yameongezwa maji. Ushirika ulitaka mfugaji agonge kadi yake, mashine ipime, na jibu litokee kwenye kioo kikubwa ukutani, jina na matokeo, ili mizozo iishe.

Ugumu ulikuwa mmoja tu. Mashine ilikuwa na njia mbili tofauti. Njia moja ilipokea amri, na nyingine ilitoa majibu. Kwenye JavaScript, lugha tuliyoandikia programu zetu, ikifanya kazi upande wa seva, data inayopita namna hiyo tunaiita mkondo. Kuna mkondo wa kuandika, ambao unausukumia data, na mkondo wa kusoma, ambao data inakutokea humo. Sisi tulihitaji kuunganisha hiyo miwili iwe mkondo mmoja wa pande mbili, ambao wenye lugha yao wanauita Duplex, ili programu iandike "pima" na kusoma jibu mahali palepale. Zana ya kuunganisha ipo tayari ndani ya lugha. Unaikabidhi mikondo miwili, inakurudishia mmoja, na jambo kubwa zaidi ni kwamba inaifungamanisha maisha. Upande mmoja ukikatika, inaufunga na wa pili, na inakuambia.

Mkuu wangu hakutaka zana hiyo.

"Vitu vya tayari ni vya wanafunzi," alisema. "Mimi naandika mwenyewe."

Aliandika mwenyewe mistari arobaini. Niliisoma asubuhi moja wakati yeye amekwenda kunywa supu. Ilikuwa imeunganisha mikondo, hilo siwezi kumnyima. Lakini hakuna popote iliposikiliza kosa. Upande wa kusoma ukidondoka, upande wa kuandika uliendelea kutuma amri kwa furaha, na upande wa kusoma ukirudi, uliendelea pale ulipoachia, na chochote kilichobaki njiani kikiwa bado kimepanga foleni ndani yake. Aliporudi nilimwambia.

"Mkuu, hapa upande mmoja ukikatika, wa pili haujui."

Alijifuta mdomo kwa kitambaa, akaitazama kompyuta yangu bila kuinama.

"Kwa nini ukatike?"

"Waya unaweza kuchezacheza. Umeme unaweza kupungua."

"Binti, wewe unafikiria matatizo. Mimi nafikiria suluhisho."

Alicheka, akarudi kwenye meza yake kutafuta rangi nzuri ya kioo cha ukutani. Ninamdharau mtu huyo mpaka leo, na sitajifanya namna nyingine, lakini ni haki niseme kwamba nilisema mara moja tu, kwa sauti ndogo, na baada ya hapo niliona ni afadhali mshahara wangu uingie kwa amani.

Jumatatu ya uzinduzi alivaa suti. Kulikuwa na ukungu mzito na wafugaji walikuwa wamejifunga mashuka, wamesimama kwenye nyasi zenye maji, na yeye akawahutubia kuhusu mapinduzi ya kidijitali kwa muda mrefu kiasi kwamba maziwa yalianza kutengeneza ngozi juu. Mashine ilifanya kazi vizuri. Jumanne pia. Aliondoka akaniacha mimi niangalie wiki ya kwanza, nikilala kwa shangazi yangu mjini.

Jumatano umeme ulicheza. Taa zilififia, zikarudi, na mashine ikalia mlio mmoja. Mzee aliyekuwa anapima wakati huo hakupata jibu. Karani, mama mnene aliyekuwa bado ananuna kwa kunyang'anywa kijiti chake, alimwambia arudie, akarudia, jibu likaja. Wote tukaridhika.

Kuanzia hapo majibu yalikuwa yanatokea haraka sana. Mtu akigonga kadi, kioo kinaonyesha matokeo papo hapo, mashine ikiwa ndiyo kwanza inanyonya. Nilimpigia mkuu simu kumweleza.

"Umeona kasi hiyo?" alisema. Nilimsikia akitabasamu. "Nilijua itazoea. Wapige picha uniletee."

Niliwapiga picha. Mashine inajibu kabla haijaonja, na mimi, mwenye shahada, niko pale naipiga picha.

Kwenye foleni hiyo kulikuwa na mjumbe wa kamati ya ushirika, mwanamume wa kofia na koti refu, ambaye hakuwahi kusimama nyuma kwa sababu watu walimpisha. Alikuwa na sauti ya kuendesha vikao. Enzi za kijiti karani hakuwa na ubavu wa kumwambia neno kuhusu maziwa yake, ingawa kila mtu aliyeyaona yakimiminwa alijua yalivyokuwa mepesi. Nyuma yake, siku zote, alikuja mama mmoja jirani yake wa mlima uleule. Mama huyo alikuwa na ng'ombe wawili. Alikuwa mfupi, mkavu, mwenye rozari shingoni, na alikuwa akizungumza Kiswahili polepole kama mtu anayepima kila neno kabla ya kulitoa, kwa kuwa lugha yake ya nyumbani ni Kibena na Kiswahili alikiacha darasa la nne.

Jumatano hiyohiyo mjumbe aligonga kadi. Kioo kikasema: maziwa safi. Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyesomewa matokeo aliyoyatarajia.

Mama akagonga kadi. Kioo kikasema: yameongezwa maji. Maandishi yalikuwa mekundu na makubwa, yenye rangi ambayo mkuu wangu aliitafuta siku nzima.

Watu waligeuka. Mama alitazama kioo, akatazama keni yake ya maziwa.

"Siyo yangu haya," alisema.

"Jina lako hilo, mama," karani alisema.

"Jina ni langu. Maji siyo yangu. Nimekamua mwenyewe, nimebeba mwenyewe."

Mjumbe alikuwa bado hajaondoka. Alitikisa kichwa kwa huzuni ya kanisani. "Jirani yangu, tumefika huku? Hata wewe?"

Mama aligeukia upande wangu. Nilikuwa nimesimama karibu na mashine na kadi ya utambulisho kifuani.

"Mwanangu, wewe ndiye mwenye mashine. Iulize tena."

Ningeweza kupima tena. Ingechukua nusu dakika. Lakini foleni ilikuwa ndefu, mjumbe alikuwa ananitazama, na mimi nilikuwa nimeshiba maneno ya mkuu wangu bila kujijua.

"Mashine haidanganyi, mama," nilisema.

Nilisema hivyo mbele ya watu zaidi ya thelathini. Yeye alikuwa wa umri wa mama yangu. Alifunika keni yake, akaibeba kichwani, akapanda mlima nayo, na maziwa yale mazuri aliwapa majirani na ndama.

Alhamisi alirudi na ikawa vilevile. Mjumbe safi, mama maji. Safari hii watu hawakushangaa tena. Mmoja alicheka. Mwingine, mwanamke aliyekuwa naye kwenye jumuiya ya kanisa, aliivuta keni yake pembeni kidogo ili zisigusane. Niliona kitendo hicho. Kanuni ya ushirika ilikuwa kwamba ukikutwa na maji mara tatu, kadi yako inafungwa, na karani alimkumbusha hivyo kwa sauti ya kusikika hadi barabarani. Mama alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha hakuondoka. Aliweka keni yake chini, akasogea pembeni, akakaa juu ya jiwe, akatazama foleni yote mpaka mtu wa mwisho. Nilidhani anaona aibu kupanda mlima mbele ya watu. Sikuwa na akili ya kudhani jambo lingine.

Ijumaa alifika kabla ya mjumbe. Mbele yake alikuwepo sista wa misheni, aliyeleta maziwa ya ng'ombe wa shamba lao, na hakuna mtu Njombe nzima ambaye angeyatilia shaka maziwa ya sista huyo. Mama akajipanga nyuma yake. Mjumbe alipokuja na kutaka kupita, mama alitanua kiwiko.

"Kamwene," alimsalimia. "Leo nimewahi mimi."

"Pita tu, jirani," mjumbe alisema kwa ukarimu mkubwa, kwa sababu alijua itakuwa mara ya tatu, na hakutaka kuonekana anaharakisha.

Sista akapima, akapata jibu lake, akasogea. Mama akafunua keni. Karani alichovya kikombe, akakiinua, akakitazama.

"Mama, hiki nini?"

"Pima."

"Haya ni maji!"

"Nimeyachota kisimani asubuhi hii. Pima. Mashine haidanganyi." Alisema hivyo bila kunitazama, na hapo ndipo paliponiuma.

Foleni ilivunjika, watu wakasogea kuona. Karani alinitazama mimi, nikainua mabega, akaweka maji ya kisima kwenye mashine. Mama akagonga kadi. Papo hapo kioo kikasema, kwa kijani, na jina lake kamili: maziwa safi, mafuta mengi.

Sikumbuki nani alianza kucheka. Nakumbuka sista aliziba mdomo kwa mkono. Mjumbe hakucheka. Nadhani alikuwa mtu wa pili kuelewa, baada ya mama, kwa sababu alianza kuokota keni yake polepole.

"Hapana, jirani," mama alisema. "Ni zamu yako."

"Mashine mbovu hii. Nitakuja kesho."

"Gonga kadi."

"Gonga, mjumbe," mtu akasema kutoka nyuma, na mwingine akarudia, na sasa hakuna aliyempisha. Akagonga. Kioo kikaandika jina lake, pamoja na cheo, kwa kuwa alikuwa ameomba cheo chake kiingizwe, na chini yake: si maziwa, ni maji.

Mama alisubiri kelele zipungue. Halafu alizungumza, na alizungumza na karani, si na mimi.

"Jana nilikaa pale nikatazama. Yule kijana mwenye ng'ombe mmoja, maziwa yake mazito, akapewa jibu la mzee wa mbele yake. Mzee akapewa la mama aliyemtangulia. Jibu la mtu linamwangukia aliye nyuma yake. Mimi siku zote niko nyuma ya huyu."

Hakumnyooshea mjumbe kidole. Alielekeza kidevu tu.

Nikaelewa kitu chote kwa pamoja, na nilihisi uso unachomeka licha ya baridi. Jumatano, umeme ulipocheza, upande wa kusoma ulikatika na jibu la yule mzee likabaki njiani. Alipopima tena alipewa lile la kwanza, na la pili likabaki kumsubiri aliyemfuata. Tangu hapo kila mtu alikuwa anasoma jibu la mtu wa mbele, siku tatu, na ndiyo maana yalikuja haraka. Yalikuwa yamekwisha kufika. Nilikuwa na kompyuta na nilikuwa nimeisoma ile mistari arobaini. Yeye alikuwa na jiwe la kukalia, na aliliona tatizo kwa asubuhi moja.

Nilizima mashine, nikampa karani kijiti chake, akakipokea kama mtu aliyerudishiwa cheo, nikapanda gari kwenda Makambako.

Mkuu wangu alinisikiliza akiwa anazungusha kiti.

"Kwa hiyo mwanakijiji amemwaga maji kwenye kifaa cha kisasa," alisema nilipomaliza.

"Ameonyesha kwamba programu yetu inatoa majibu ya watu wengine."

"Huo ni uharibifu. Ushirika unapaswa kumchukulia hatua."

"Mkuu, nilikuambia kuhusu upande wa kusoma."

"Hukuniandikia." Akasimamisha kiti. "Kama uliona hatari, barua pepe iko wapi?"

Nilifikiri nitamjibu kitu cha kukumbukwa. Badala yake nilikaa kwenye meza yangu, nikafuta mistari yake arobaini yote, nikaweka mmoja: ile zana ya lugha, inayochukua mkondo wa kusoma na mkondo wa kuandika na kuifanya kitu kimoja kinachoishi na kufa pamoja. Kisha nikaongeza kwamba amri moja isubiri jibu lake, na jibu lisipofika kwa muda wake, pande zote mbili zivunjwe, kilichobaki njiani kitupwe, na kioo kiandike "rudia." Nilimaliza kabla ya chakula cha mchana. Alipita nyuma yangu akatazama.

"Mbona fupi hivyo?" aliuliza. "Wateja wanataka kuona kazi."

Jumatatu nilirudi Njombe bila yeye. Alituma ujumbe kwamba ana kikao. Meneja wa ushirika, mtu mpole aliyeogopa makelele, alipendekeza tumwite mama ofisini, tumwombe radhi, tumpe chai, yaishe. Nilikubali. Nilipenda sana wazo la ofisini. Lakini mama alipofika mlangoni hakuingia.

"Shikamoo, mama," nilisema.

"Marahaba." Alitazama viti na chai iliyomiminwa. "Uliyasema wapi yale maneno?"

"Pale kwenye foleni."

"Basi twende pale."

Tukaenda. Foleni ilikuwa imejaa, mjumbe hakuwepo, na ukungu ulikuwa umeanza kuinuka kwenye miti. Sikuwa na kipaza sauti wala suti. Nilisema kwamba mashine ilikuwa inatoa majibu ya mtu wa mbele, kwamba kosa lilikuwa kwenye programu yetu, kwamba nililiona kabla na nikanyamaza, na kwamba nilimwambia mama huyu mashine haidanganyi wakati sikuwa nimeitazama. Nilisema maziwa yake hayakuwa na maji, si Jumatano wala Alhamisi. Hakuna aliyepiga makofi, nashukuru. Yule mwanamke wa jumuiya aliyevuta keni yake alikuwa anatazama viatu.

Mama alisogea kwenye mashine, akaweka maziwa, akagonga kadi. Mashine ilinguruma nusu dakika nzima. Kisha likaja jibu, la kijani, lake.

"Sasa inachelewa," alisema.

"Ndiyo, mama. Inapima kwanza."

"Vizuri." Alichukua risiti yake, akaikunja ndani ya kanga, akaniuliza kwetu ni wapi, na nilipomwambia Mdandu akauliza wa ukoo gani, na kwa dakika kadhaa tukawa tunatafuta ndugu wa kuunganisha. Hatukupata. Aliondoka bila kusema amenisamehe, na sikumuuliza.

Mjumbe alihamishia maziwa yake Makambako, kwenye migahawa ya stendi, ambako hakuna mashine. Bado yumo kwenye kamati. Mkuu wangu aliandika ripoti kwa ushirika kwamba timu ya wataalamu imeboresha usahihi wa mfumo baada ya kupokea maoni ya watumiaji, akasaini mwenyewe. Niliisoma yote, ukurasa kwa ukurasa, nikaiweka mezani kwake pamoja na barua yangu ya kuacha kazi, ambayo niliituma pia kwa barua pepe ili asije akasema hakuandikiwa.

Alinipigia simu mwezi uliofuata. Kulikuwa na kituo kingine cha maziwa, upande wa Matamba, na mashine yao ilikuwa na njia mbili. Alitaka nimkumbushe ule mstari mmoja unaandikwaje.

Nilimwambia aandike mwenyewe.